Picha za 3D na Katuni kwa Kompyuta: Mtu wa Eldoret Alipe Nini, Aache Nini

Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, na kazi ya picha za kompyuta inaongezeka pamoja na majengo yake. Mwenye ploti anataka kuona nyumba yake kabla msingi haujachimbwa. Sacco inataka tangazo la nusu dakika lenye nembo inayozunguka. Mwanamuziki wa Kikalenjin anataka video yenye maneno ya wimbo, na mwalimu anataka katuni fupi ya kueleza jinsi figo inavyochuja damu. Vijana waliosomea kompyuta Chuo Kikuu cha Moi, Chuo Kikuu cha Eldoret na Eldoret National Polytechnic wanaweza kuifanya kazi hii bila kuhamia Nairobi. Kinachowakwamisha wengi ni swali la pesa: nianze na programu gani, na itanigharimu kiasi gani?

Msimamo wangu ni huu. Anayeanza asilipe hata shilingi moja kwa programu. Pesa aliyo nayo aiweke kwenye mashine, stima na muda wa kujifunza. Programu ya kulipia inunuliwe pale tu kazi iliyokwisha kupatikana inapoihitaji na malipo yake yanatosha kuibeba. Hesabu zinazofuata zinaonyesha kwa nini. Dola nimeihesabu kwa Sh 129, kiwango ambacho kimekaa karibu hapo tangu katikati ya 2024. Bei za mashine ni makadirio, kwa hiyo uliza madukani mawili matatu kabla ya kutoa pesa.

Dola ndiyo bei yenyewe

Programu nyingi za kulipia siku hizi haziuzwi, zinakodishwa, tena kwa dola. Chukua After Effects ya Adobe, ambayo watu wa matangazo huitumia kuchezesha maandishi na nembo. Bei yake Marekani ni karibu dola 23 kwa mwezi, yaani Sh 2,967. Ongeza VAT ya asilimia 16 ambayo Kenya hutoza huduma za kidijitali kutoka nje, unafika Sh 3,440 hivi. Kwa mwaka ni zaidi ya Sh 41,000. Januari 2024, dola ilipopita Sh 160, ada hiyohiyo ilikuwa karibu Sh 3,700 hata kabla ya kodi. Bei ya programu kwa dola haikuwa imepanda, ni shilingi iliyokuwa imeteleza, na hakuna mteja wa Eldoret anayekuongezea malipo kwa sababu ya kiwango cha ubadilishaji.

Soma masharti kabla ya kubonyeza. Mpango unaoonekana kuwa wa mwezi mmoja mmoja mara nyingi ni mkataba wa mwaka mzima unaolipwa kwa awamu. Juni 2024, serikali ya Marekani, kwa ombi la Tume yake ya Biashara, FTC, iliishtaki Adobe kwa madai kwamba iliwaficha wateja ada ya kujitoa mapema, ambayo ni nusu ya malipo yaliyosalia. Kulipa kutoka hapa ni rahisi: tangu 2022 Safaricom na Visa wametoa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa iitwayo GlobalPay, na dakika chache tu zinatosha. Ndiyo maana yafaa ujue njia ya kutoka kabla hujaingia.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti. Kukodi programu ni kama kupanga nyumba ambayo ukikosa kodi mwezi mmoja, vyombo vyako vinabaki ndani. Kazi uliyohifadhi kwa mfumo wa programu hiyo mara nyingi haifunguki bila leseni hai. Mteja akirudi baada ya mwaka na kukuomba ubadilishe nambari ya simu kwenye tangazo lake, utalazimika kulipa upya ili ufungue faili yako mwenyewe.

Mashine kwanza

Maduka ya kompyuta mjini yamejaa mitumba kutoka Uingereza, zile ziitwazo ex-UK. Kompyuta ya mezani yenye Core i5, RAM ya GB 8 na skrini yake hupatikana kwa kati ya Sh 20,000 na 30,000. Zingatia mambo mawili. Kwanza, usichukue prosesa iliyo chini ya kizazi cha 6. Za zamani zaidi, hasa zisizo na kadi ya grafiki, huenda zikakataliwa na matoleo mapya ya Blender. Pili, tazama umbo la kasha. Yale makasha membamba yanapendeza mezani, lakini kadi kubwa ya grafiki haiingii ndani yake, na umeme wake mdogo hauwezi kuibeba. Nunua kasha refu, hata kama limechakaa kwa sura. Ukikosea hapa, utanunua mashine mara mbili.

Kadi ya grafiki ndiyo inayotenganisha kazi ya saa na kazi ya siku. GTX 1650 yenye GB 4 hugharimu Sh 20,000 na kitu, na nyingi za aina hiyo huchota umeme kupitia ubao mkuu bila waya wa ziada. RTX 3060 yenye GB 12 huwa karibu Sh 50,000, inahitaji umeme wa kutosha ndani ya kasha, na Blender huitumia vizuri sana.

Tuifanyie hesabu. Tangazo la sekunde 30 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 720. Kurenda, yaani kompyuta kukokotoa mwanga na kivuli hadi fremu ikamilike, kukichukua dakika 5 kwa fremu kwenye mashine isiyo na kadi, unahitaji saa 60. Kadi nzuri ikiimaliza fremu hiyo kwa sekunde 20, kazi yote ni saa 4. Mashine inayokula wati 300 kwa saa 60 hutumia uniti 18 za stima. Kwa tokeni ya karibu Sh 28 kwa uniti, hiyo ni Sh 500 hivi. Stima yenyewe haitakufilisi. Kitakachokuumiza ni siku mbili na nusu ambazo mashine haiguswi, halafu mteja anaomba rangi ya paa ibadilishwe na unaanza upya.

Na stima hupotea. Kwa hiyo usirende moja kwa moja kuwa video ya MP4. Renda kila fremu kama picha ya PNG kwenye folda yake, kisha uziunganishe mwishoni. Stima ikikatika kwenye fremu ya 500, faili ya MP4 kwa kawaida huharibika yote. Ukiwa na PNG, fremu 499 ziko salama. Ndani ya Blender, ondoa tiki kwenye Overwrite, na mashine ikiwaka tena itaruka zilizokwisha na kuendelea pale ilipoachia. UPS ndogo ya VA 650, ya Sh 6,000 hadi 8,000, inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi kwenye mashine isiyo na kadi. Ukiweka RTX 3060, chukua ya VA 1,200 kwenda juu.

Programu za 3D

Blender ni ya bure kwa matumizi yote, pamoja na ya biashara, na faili ya kuisakinisha haifiki hata nusu GB. Ndani yake mna kuchonga maumbo, kuhuisha, kurenda, kuhariri video na kuchora katuni za 2D. Ubure wake una historia inayompa mnunuzi imani. Ton Roosendaal aliianzisha Uholanzi katika miaka ya 1990. Kampuni iliyoimiliki ilipofungwa mwaka 2002, watumiaji walichanga euro 100,000 ndani ya wiki saba wakanunua msimbo wake, na Oktoba mwaka huo ukatolewa kwa leseni huria ya GPL. Leseni hiyo inamaanisha hakuna kampuni inayoweza kuamka kesho ikakufungia toleo ulilo nalo.

Ubora wake hauna shaka tena. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia ilitengenezwa kwa Blender na kurendwa kwa Eevee, injini yake ya haraka. Machi 2025 ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya uhuishaji, ikizipiku Inside Out 2 ya Pixar na The Wild Robot ya DreamWorks. Atakayekwambia Blender ni ya wanafunzi tu, mwonyeshe filamu hiyo.

Maya ya Autodesk ndiyo programu iliyozoeleka katika studio kubwa duniani tangu 1998. Kwa uhuishaji wa wahusika ina nguvu sana, lakini inagharimu zaidi ya dola 1,800 kwa mwaka, yaani zaidi ya Sh 230,000 kabla ya kodi. Hela hiyo inanunua mashine mbili nzuri zenye kadi. Autodesk ina leseni ya Indie ya takriban dola 300 kwa mwaka kwa wenye mapato madogo, lakini haiuzwi kila nchi, kwa hiyo hakikisha kwanza kama malipo yenye anwani ya Kenya yanapita. Aliye chuoni ana njia bora: wanafunzi na walimu wa vyuo vinavyotambuliwa hupewa leseni ya masomo bila malipo, inayohuishwa kila mwaka. Itumie kujifunza, si kumfanyia mteja kazi.

Houdini ya SideFX, kampuni ya Toronto, ni bingwa wa moshi, maji, moto na vitu vinavyobomoka. Toleo la Apprentice ni la bure kwa kujifunza, na Indie iko chini ya Sh 40,000 kwa mwaka. Ni programu ya mtu aliyekwisha jua anachotaka. Kwa matangazo na nyumba za Eldoret, huihitaji.

Je, nani alipie Maya? Anayelenga kuajiriwa. Afrika Mashariki ina kazi hizo. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, ilitengenezewa Nairobi. Mwaka 2023, mkusanyiko wa Kizazi Moto kwenye Disney+ ulikuwa na Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya na Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda. Katika miradi ya namna hiyo, studio ndiyo inayoamua programu na kwa kawaida hulipia leseni. Wewe jifunze kwa leseni ya masomo, kisha umwachie mwajiri gharama.

Katuni za 2D

Krita ya kuchora ni ya bure. OpenToonz ilitolewa bure mwaka 2016 na inatokana na Toonz, programu iliyotumiwa na Studio Ghibli ya Japani. Ina nguvu, ila sura yake inamchanganya mgeni. Grease Pencil iliyo ndani ya Blender ni rahisi zaidi kwa anayetaka kuchanganya mchoro wa mkono na mandhari ya 3D.

Upande wa kulipia, Harmony ya Toon Boom ndiyo inayotawala katuni za televisheni, na ngazi yake ya juu hupita dola 100 kwa mwezi. Moho ni nafuu kwa sababu hulipwa mara moja: Debut ni dola 60, karibu Sh 7,700, na Pro ni dola 400, karibu Sh 51,600. Kwa mtu anayetengeneza katuni za shule au vipindi vya watoto kila wiki, Moho Debut ndiyo programu ya kwanza ninayoona inastahili pesa za mfukoni. Unailipia mara moja na inakuwa yako.

Kuhariri na kuunganisha, tumia DaVinci Resolve. Toleo la bure linatoa video hadi 4K na ndani yake mna Fusion, inayofanya sehemu kubwa ya kazi za After Effects. Toleo la Studio ni dola 295 mara moja, karibu Sh 38,000 kabla ya kodi, juu kidogo tu ya ada ya mwaka mmoja wa After Effects.

Michoro ya nyumba

Hapa ndipo kazi ya Eldoret ilipo nono, kwa hiyo tukae kidogo. Wasanifu wengi huanza na SketchUp, ambayo toleo lake la Pro ni karibu dola 400 kwa mwaka, Sh 51,600. Lipo toleo la bure la mtandaoni, ila si la biashara. Picha ya mwisho yenye nyasi, magari na jua la jioni hutoka kwenye programu nyingine. Twinmotion ya Epic Games ni ya bure tangu 2024 kwa yeyote ambaye mapato yake ya mwaka hayafiki dola milioni moja, na hutoa picha nzuri kwa dakika chache. Inataka kadi ya grafiki yenye misuli, na kuipakua kunakula data nyingi. Kama huna intaneti ya nyumbani kama ile ya Safaricom ya Sh 2,999 kwa mwezi, pakua ukiwa chuoni.

Njia isiyo na ada kabisa ni Blender pamoja na nyongeza ya Bonsai, inayofungua faili za IFC ambazo wasanifu hubadilishana. Inachukua muda kuizoea. Ushauri wangu: mwenye kadi nzuri aanze na Blender na Twinmotion kwa pamoja. SketchUp Pro ilipiwe na msanifu anayechora ramani mpya kila wiki, kwa sababu kwake inaokoa saa, na saa hizo analipwa.

Injini za gemu

Unreal Engine hutumika pia kutengeneza filamu. Ni bure kwa mwenye mapato madogo. Kwenye gemu, asilimia 5 hudaiwa baada ya mapato kupita dola milioni moja. Uzito wake ni kwenye diski, makumi ya GB. Unity ni bure kwa anayeingiza chini ya dola 200,000 kwa mwaka, lakini kumbuka kwamba Septemba 2023 ilitangaza ada mpya kwa kila gemu inayosakinishwa, wasanidi wakalalamika, na mwaka mmoja baadaye ikaifuta. Godot ni huria kabisa na inakwenda hata kwenye mashine dhaifu. Kwa anayeanza, Godot inatosha.

Lugha ipi ujifunze

Ukitaka kuiamuru programu yako kwa msimbo, jibu ni Python. Ndiyo lugha ya Blender, inakubalika ndani ya Maya na Houdini, na itakufaa hata ukiacha picha ukaenda kwenye takwimu au benki. Faida yake inaonekana mara moja. Jengo la ghorofa sita lenye madirisha kumi kila ghorofa lina madirisha 60. Kwa Python unachora dirisha moja, kisha mistari mitano sita inalirudia kila mahali kwa nafasi sawa. Mteja akisema ongeza ghorofa mbili, unabadilisha nambari moja.

Lugha nyingine zifuate kazi. MEL ni ya Maya, VEX ni ya Houdini, C# ni ya Unity, na GDScript ya Godot inafanana sana na Python. Kwa walimu wa hesabu, Manim ya Grant Sanderson hutumia Python kuhuisha milinganyo na grafu, na hainunuliwi. Processing, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry, inafaa kumfundisha mwanafunzi wa sekondari kuchora kwa msimbo. POV-Ray ni ya zamani zaidi: mandhari yote unaiandika kwa maneno na nambari, tufe liko wapi, taa iko wapi, kamera inatazama wapi, kisha mashine inachora. Hutapata mteja kwayo, lakini mwanafunzi atakayeitumia ataelewa nini hutokea ndani ya kila programu niliyoitaja, na itakwenda kwenye kompyuta yoyote ya maabara ya shule.

Njia mbili za mkato

Ya kwanza ni programu zilizokrakiwa, zinazopitishwa kwa flashi. Zinavunja Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, na mara nyingi hubeba virusi ndani yake. Mtu anayepokea malipo kwa M-Pesa na kuhifadhi faili za wateja kwenye mashine hiyohiyo anahatarisha kila kitu kwa ajili ya programu ambayo ina mbadala wa bure na halali.

Ya pili ni akili unde inayozalisha video kutokana na maelezo. Inafaa kupata wazo haraka. Lakini hulipwa kwa dola, kila jaribio linakula pointi, na ni vigumu kuiambia isogeze mlango nusu mita kushoto na ubaki na nyumba ileile. Mwenye ploti anataka nyumba yake kama ilivyo kwenye ramani, na kwa hilo bado utahitaji 3D yenyewe.

Bajeti tatu

Mwanafunzi, Sh 30,000: kompyuta ex-UK ya kizazi cha 6 au zaidi, kasha refu. Blender, Krita, DaVinci Resolve ikikubali mashine hiyo, na Python. Programu, Sh 0. Ukikwama na kurenda, kuna SheepIt, mtandao wa bure ambako watu huchangiana mashine zao kurenda kazi za Blender. Usipeleke humo kazi ya siri ya mteja.

Anayeanza kulipwa, Sh 110,000 hivi: kasha refu, RAM ya GB 16 au zaidi, RTX 3060, kifaa cha umeme kinachoiweza, na UPS kubwa. Programu bado Sh 0. Ongeza Twinmotion kwa kazi za nyumba.

Studio ndogo ya watu wawili au watatu: mashine kama hiyo kwa kila mtu, kisha leseni moja moja kulingana na kazi iliyopo. Wa katuni achukue Moho, mhariri achukue Resolve Studio, na msanifu SketchUp Pro. Kabla ya kulipa, gawanya ada ya mwaka kwa idadi ya kazi ulizo nazo mkononi, si unazozitarajia. Kama kila kazi inabeba fungu lake na bado unabaki na faida, lipa. Kama haibebi, rudi kwenye programu za bure, maana mteja hulipia picha anayoiona na hatakuuliza umetumia programu gani.